Konvata haijui mbele wala nyuma

Swali: Fundi, habari ya kazi. Mimi na dada zangu wawili tulinunua loda ya magurudumu iliyotumika, tukaikodisha kwenye machimbo ya kokoto nje kidogo ya mji wa Nakuru. Asubuhi inafanya kazi bila shida. Ikifika saa nne hivi, inaanza kukataa mlima: ndoo ikiwa imejaa, injini inapiga resi lakini mashine haiendi, na sindano ya joto la giaboksi inaingia kwenye nyekundu. Ikipumzishwa nusu saa inapona, halafu inarudia. Oili ya giaboksi ilibadilishwa miezi miwili iliyopita. Fundi wetu anasema toki konvata imekufa. Anataka kushusha giaboksi tununue konvata nyingine, na hesabu yake inapita laki tatu. Kwa sasa opereta ameizoea, anaipandisha kinyumenyume ili siku isipotee. Je, tukubali?

Jibu: Dada, msitoe hiyo pesa kwanza.

Simlaumu fundi wenu. Mashine ikipiga resi bila kwenda, ikichemsha giaboksi, kisha ikapona baada ya kupoa, neno la kwanza kumjia fundi mdomoni ni konvata. Hata mimi lilinijia. Kisha nikafika mahali uliposema opereta anaipandisha kinyumenyume. Umeliandika kama jambo la kupita tu, na ndilo lililonifanya nirudi juu kuisoma barua yako upya. Loda ni ile ile, mlima ni ule ule, ndoo imejaa vile vile, oili imechemka vile vile. Mbele inakataa, nyuma inapanda.

Konvata, yaani kile chombo cha oili kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi, haijui mbele wala nyuma. Imefungwa kwenye flaiwili ya injini, na inazunguka upande mmoja tu tangu ilipotoka kiwandani. Uamuzi wa mashine kwenda mbele au kurudi nyuma unafanyika baada yake, ndani ya giaboksi, ambako kuna klachi ya mbele na klachi ya rivasi, kila moja na pleti zake, pistoni yake na sili zake. Konvata ikifa, inafia pande zote mbili. Loda inayokataa mbele na kukubali rivasi, macho yangu yanaelekea kwanza kwenye klachi ya mbele na njia ya oili inayoilisha. Mkinunua konvata mpya leo, ikafungwa vizuri na kila bolti ikakazwa, kuna uwezekano mkubwa kesho kutwa saa nne asubuhi opereta awe anapanda kinyumenyume bado.

Nasema uwezekano kwa sababu sijaiona mashine. Baadhi ya loda uwiano wa gia za rivasi si sawa na wa mbele, na pengine opereta huanza kupanda kinyumenyume baada ya kuipumzisha kidogo, kwa hiyo oili inakuwa imeshapoa. Muulizeni hilo. Jibu lake ni bure, na linaweza kubadilisha mengi.

Nieleze kidogo kinachoendelea humo ndani, ili fundi akikwambia jambo ujue la kumuuliza. Konvata ina vipande vitatu vyenye mapanga kama ya feni, na vyote vimezama kwenye oili. Impela inazungushwa na injini, nayo inairusha oili. Turbini imekaa ikiitazama, inapigwa na ile oili na kuzungusha shafti inayoingia giaboksi. Katikati yao kuna steta, ambayo inaidaka oili inayorudi na kuigeuza, ili ikifika tena kwa impela iisukume badala ya kuipinga. Bila steta hicho ni kiungo cha oili tu. Ikiwepo, magurudumu yakiwa yamekwama kwenye rundo na injini inasukuma, toki, yaani nguvu ya kuzungusha, inayotoka inaweza kuwa mara mbili hata karibu mara tatu ya iliyoingia. Mjerumani Hermann Föttinger, aliyepata hataza ya wazo hili mwaka 1905, alikuwa akitafuta namna ya kuunganisha turbini ya mvuke na rafadha ya meli. Sidhani aliwahi kuota kokoto za Nakuru, lakini hesabu ni ile ile.

Zawadi hiyo ya toki ina deni lake, nalo ni joto. Magurudumu yakisimama huku injini inasukuma, hakuna kazi inayofanyika, kwa hiyo nguvu yote ya injini inaishia kuipasha oili. Chukua injini ya kilowati 150, ambayo ni ya kawaida kwa loda ya wastani. Hapo ni kama umetumbukiza birika 75 za umeme, za kilowati mbili kila moja, ndani ya oili yenu kwa wakati mmoja. Klachi inayoteleza nayo inafanya vivyo hivyo: pleti zinasuguana, oili inachemka. Ndiyo maana sindano kuingia nyekundu haimtaji mhalifu. Inakwambia tu kwamba mahali fulani nguvu inapotea.

Na kwa nini asubuhi iwe nzima? Klachi inakazwa na presha ya oili inayosukuma pistoni. Oili hiyo inaingia kwenye shafti inayozunguka kwa kupitia pete za kuziba, na hizo pete zikilika au pistoni ikiwa na sili iliyokauka, oili inavuja humo humo ndani bila tone kuonekana nje. Asubuhi oili ni nzito kama uji wa wimbi, kwa hiyo uvujaji ni mdogo na presha inatosha. Ikifika saa nne imekuwa nyepesi kama turungi. Inapita kwenye kila mwanya, presha ya ile klachi inashuka, pleti zinaanza kuteleza. Kuteleza kunaongeza joto, joto linazidi kuilegeza oili, na mkiendelea hivyo pleti zinaungua kabisa. Kuipumzisha nusu saa ni kuurudisha uji tu.

Basi mfanye nini. Kwanza mambo ambayo hayahitaji spana.

Angalieni oili, na muiangalie inavyotakiwa: loda mahali tambarare, injini ikiwaka taratibu, gia nyuto (haiko mbele wala nyuma), breki ya kuegesha imefungwa, oili ikiwa ya moto. Loda nyingi zinapimwa hivyo, tofauti na oili ya injini, na nimeshaona giaboksi zilizojazwa kupita kiasi kwa sababu tu mtu alipima injini ikiwa imezimwa. Oili ikizidi, gia zinaichapa na kuifanya povu, na povu lina hewa, na hewa haiwezi kukaza klachi. Tazameni rangi kwenye dipstiki. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi yanatokea kwenye kipozeo cha oili kilichotoboka. Ikiwa nyeusi na inanuka kama breki za matatu inayoteremka kuelekea Naivasha, pleti zimeanza kuungua. Ikiwa na vipovu vidogo vidogo visivyoisha, kuna hewa inayofyonzwa kabla ya pampu.

Kisha tafuteni risiti ya ile oili ya miezi miwili iliyopita. Hujaniambia shida ilianza kabla au baada ya kuibadilisha, nami ningependa sana kujua. Giaboksi za aina hii zinataka oili iliyotengenezwa kwa ajili ya klachi zinazofanya kazi ndani ya oili, na kitabu cha mashine kinataja daraja lake, mara nyingi ile inayoandikwa TO-4, ya uzito wa 10W au 30 kulingana na joto la mahali. Ukiweka ya kopo jekundu ya magari madogo, au ya injini iliyobaki kwenye pipa, msuguano wa pleti unabadilika na klachi inaweza kuteleza hata ikiwa na presha kamili. Klachi ya mbele ndiyo inayofanya kazi nzito zaidi kwenye loda, kwa hiyo ndiyo itakayolalamika kwanza. Kama risiti haipo na mtu anasema tu kwamba ilikuwa oili nzuri, jihesabieni kwamba hamjui kilichomo.

Jambo jingine ni pedali ya breki ya kushoto. Loda nyingi pedali hiyo ikikanyagwa inatoa pia presha kwenye klachi, ili opereta apakie lori injini ikipiga resi bila mashine kusukuma. Kuna swichi ya kuzima kazi hiyo. Opereta mwenye mazoea ya kulaza mguu kwenye pedali ya kushoto akipanda mlima anaifanya klachi iteleze bila kujua. Hilo lingeathiri pande zote mbili, kwa hiyo kwenu silipi uzito sana, lakini kumtazama mguu ni dakika moja. Na mkishuka, pitisheni mkono karibu na breki ya kuegesha, msiiguse. Ikitoa joto kuliko sehemu zinazoizunguka, haiachii vizuri, na mashine inapanda mlima ikiwa imejifunga yenyewe.

Sasa jaribio lenyewe, ambalo sisi mafundi tunaliita stoli. Linataka opereta mtulivu, uwanja mtupu mbele na nyuma, na breki zinazoshika kweli kweli. Kama breki ni za kubahatisha, msilifanye. Ifanyeni mashine kazi hadi ile hali ya kukataa ianze, kwa sababu kupima ikiwa baridi ni kupima mashine nyingine. Zimeni ile swichi ya pedali ya kushoto, shusheni ndoo, kanyageni breki hadi mwisho. Kwanza muwe mmesoma injini inafika wapi ikiwa huru, gia nyuto, mafuta yamekanyagwa yote. Kisha wekeni gia ya juu iliyopo pande zote mbili, kwenda mbele, kanyageni mafuta hadi chini, msome mizunguko ya injini inapotulia, muachie. Sekunde 10 zinatosha. Rudisheni nyuto, acheni injini izunguke kwenye 1,200 hivi kwa dakika mbili ili oili ipoe, halafu mrudie vile vile kwa rivasi. Oili ikikaribia digrii 120 simamisheni kila kitu.

Tuseme kitabu cha loda yenu kinataka 2,100. Rivasi ikisoma 2,080 na mbele ikasoma 2,350, kesi imekwisha: konvata ni nzima, klachi ya mbele inateleza. Zote mbili zikisoma 2,350, basi shida iko kwenye kitu ambacho pande zote zinakitegemea, yaani kiasi cha oili, hewa, pampu, au valvu inayotunza presha. Zote mbili zikisoma chini sana, 1,500 hivi, injini haina nguvu, au kile kifaa kinachoifanya steta izunguke upande mmoja tu kimevunjika na steta inakimbia ovyo. Hapo ndipo mtu anaweza kuitaja konvata nisimkatize.

Hata hapo kuna mtego wa huku kwetu. Namba za kitabu zimeandikwa kwa injini yenye hewa ya kutosha. Nakuru mko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Loda ya namna hiyo ikitoka Kisumu, kwenye mita 1,100 na kitu, itasoma chini zaidi ikifika kwenu, na chini zaidi tena ikipelekwa Timboroa, bila kitu chochote kuwa kimeharibika. Yenye tabo haiathiriki hivyo. Ndiyo sababu napenda kulinganisha mbele na rivasi za mashine moja, siku moja, kuliko kubishana na karatasi.

Baada ya stoli, geji. Hapa ndipo utamjua fundi wako. Giaboksi ina matundu madogo yaliyozibwa kwa plagi, na kila tundu ni la kupimia presha ya sehemu fulani: klachi, kuingia konvata, kutoka konvata, kulainisha. Geji ya hadi bar 40 na kipande cha mpira wa haidroliki ni kifaa cha bei ya debe chache za dizeli. Fundi anayetaka laki tatu bila kuwahi kufungua plagi moja anakuuzia maoni. Presha ya klachi kwenye mashine nyingi iko kati ya bar 15 na 28, lakini hakimu ni kitabu chenu. Mwambie apime oili ikiwa ya moto, injini ikiwa kwenye mizunguko iliyotajwa: nyuto, mbele, rivasi, na kila gia. Klachi zote zinatakiwa kusoma karibu sawa. Sindano ikisimama vizuri kwenye rivasi kisha ikalala ukiweka mbele, oili inavujia kwenye klachi ya mbele au kwenye valvu yake. Ikisimama sawa pande zote mbili na bado mbele inateleza, basi presha ipo na pleti ndizo zilizokwisha.

Kama giaboksi yenu inaongozwa kwa umeme, kabla ya kushusha chochote badilishaneni valvu za koili, zile zinazofunguliwa kwa umeme, za mbele na rivasi zikiwa zinafanana. Waya zibaki mahali pake, hamisheni valvu tu. Ugonjwa ukihamia rivasi, mmeupata kwa gharama ya oringi mbili. Nimeona mtu akilia kwa furaha kwa sababu ya jambo hili, na nimeona mwingine akilia kwa sababu nyingine: alijua baada ya giaboksi kuwa chini, vipande vipande kwenye gunia.

Mkimaliza hapo, kateni filta. Watu wengi wanaitoa wakaitupa kwenye shimo, na filta ndiyo daftari la giaboksi. Msiikate kwa msumeno wa chuma, maana vumbi la msumeno litaingia na mtapata ushahidi wa uongo. Kuna kikatio cha filta kinachofanana na cha bomba. Kama hamna, fundi atumie patasi kali taratibu pembezoni. Toeni karatasi yake, ibaneni kwenye jiriwa ikamuke oili, kisha ikunjueni juu ya gazeti mahali penye jua. Chukueni sumaku ya spika iliyokufa mpitishe juu yake. Chenga zinazoruka kwenye sumaku ni chuma, za gia au beringi. Zinazobaki ziking'aa kijivu ni aluminiamu, na kwenye giaboksi nyingi aluminiamu ya wingi ni mapanga ya konvata. Za manjano kama shaba zinatokana na pleti au bushi. Manyoya meusi yanayosagika vidoleni ni kitambaa cha pleti za klachi. Vipande vya mpira ni sili, au ni kitu nitakachokieleza sasa hivi. Unga kidogo wa kila kitu ni uzee wa kawaida. Mnachotafuta ni wingi, au chenga unayoweza kuishika kwa kucha.

Sikufundishwa habari ya mpira darasani. Miaka mingi iliyopita niliitwa kwenye uwanja mmoja wa miwa upande wa Nyando, loda inakataa ikipata moto, mbele na nyuma pia. Nilikuwa kijana mwenye uhakika. Nikashusha konvata, ikaenda kufunguliwa, ikarudi na beringi mpya, nikaifunga. Siku mbili ikafanya kazi, maana siku hizo mvua ilinyesha na hakukuwa na mzigo. Siku ya tatu, jua kali, ikakataa tena. Nikaishusha mara ya pili. Mwenye mashine hakusema kitu, alikaa tu kwenye tairi bovu akiniangalia, na afadhali angenitukana. Mzee mmoja wa kuchomelea aliyekuwa akipita akaniuliza kama nimewahi kuutazama mpira unaofyonza oili kutoka kwenye sampu, beseni la oili la chini, kwenda pampu. Nikamwambia nimeutazama, hauvuji. Akacheka. Tukautoa, ukionekana mzuri kabisa kwa nje, akaukata kwa kisu katikati. Ngozi ya ndani ilikuwa imeachana na waya, imejikunja kama ganda la ndizi. Oili ikiwa baridi ile ngozi ilikuwa ngumu, inatulia. Ikipata moto inalainika, pampu inaivuta, inaziba njia. Pampu inabaki ikifyonza upepo, inalia kama nyuki, presha inaanguka. Konvata haikuwa na kosa lolote. Nililipa gharama ya mara ya pili kutoka mfukoni mwangu, na kile kipande cha mpira nilikaa nacho kwenye boksi la spana hadi panya walipokimaliza.

Kwenu ule mpira ungekataza pande zote mbili, kwa hiyo sioni kama ndio mshukiwa wa kwanza. Lakini kama mashine inalia kama nyuki inapoanza kuchoka, utoeni, ni kazi ya saa moja, na chujio la sampu lioshwe hapo hapo.

Kuhusu joto, nisiliache hivi hivi. Hata kama klachi ndiyo mkosaji, kipozeo cha oili kilichoziba kinaiharakisha kufa. Machimboni vumbi la mawe linachanganyika na oili kidogo inayovuja na kuwa kama plasta kati ya mapezi ya redieta. Kwenye viwanja vya miwa ni makapi. Msipulizie kwa upande ambao vumbi liliingilia, mnalisukuma ndani zaidi. Pulizeni kinyume na upepo wa feni, maji ya presha ndogo, mashine ya kuoshea magari ikae mbali isilaze mapezi. Na mtazame kofia ya redieta, kwa sababu kwenye loda nyingi oili ya giaboksi inapozwa na maji ya injini. Nakuru maji yaliyo wazi yanachemka kwenye digrii 94 hivi, si 100. Kofia inayoshika presha ndiyo inayoyazuia yasichemke mapema. Kofia iliyolegea inawaibia digrii nyingi, na watu wanatafuta ugonjwa giaboksini.

Mwambieni opereta pia atumie gia ya kwanza kuchota na kupanda. Wengi wanachota kwa gia ya pili ili waonekane wepesi, konvata inakaa muda mrefu ikiteleza, na zile birika 75 zinawashwa. Na kupanda kinyumenyume kukome, ndoo iliyojaa ikielekea bonde na yeye akiwa amegeuza shingo pembeni mwa machimbo. Afadhali ndoo nusu.

Sitakuficha: ikithibitika ni klachi ya mbele, giaboksi huenda ikashuka bado. Ila mtakachonunua ni pete za kuziba, sili, pleti, labda pistoni, na fundi atajua anafungua nini. Ikiwa chini, konvata itakuwa mkononi bila gharama ya ziada ya kuishusha, basi ikaguliwe. Steta ya aina ya kuzunguka upande mmoja ukiigeuza kwa vidole inatakiwa iende upande mmoja na igome mwingine. Zipo konvata ambazo steta imefungwa haigeuki kabisa, hizo msizihukumu kwa hilo. Mahali sili inapokaa pasiwe na mfereji unaoshika ukucha, mapanga yasiwe na mapengo. Kama filta ilionyesha aluminiamu nyingi, hapo konvata ifunguliwe kweli, na kipozeo cha oili na mipira yote ioshwe au ibadilishwe kabla ya kuwasha. Zile chenga zikibaki kwenye kipozeo zitarudi kuimaliza konvata mpya.

Mkiihamisha kwenda mjini, ipandishwe lobedi. Msiivute kwa kamba kwa umbali: pampu inayolainisha giaboksi inaendeshwa na injini, injini ikiwa imezimwa magurudumu yanazizungusha gia zikiwa kavu.

Niandikie namba nne: mizunguko ya stoli mbele, ya rivasi, presha ya klachi mbele, ya rivasi, zote oili ikiwa ya moto. Ongeza jina lililo kwenye kopo la oili, na mlichokiona kwenye filta. Picha ya lile gazeti juani itanisaidia kuliko simu ya saa nzima.